Sahani Iliyofunikwa: Habari za Chakula na Ugeni, Tangu Pwani Hadi Gitega

Mtu apitaye njia za Magarama asubuhi ya siku ya arusi hana haja ya kuuliza nyumba ya arusi iko wapi. Pua yake itamwongoza. Vitunguu hukaangwa mpaka vikageuka rangi ya udongo mwekundu, kisha huingia bizari nyembamba, iliki, mdalasini na karafuu, na harufu yake ikapanda mpaka barabarani. Wapishi husimama kando ya masufuria makubwa yaliyotelekwa juu ya mafiga, na mzee mmoja, aghalabu mwenye sauti kubwa kuliko wote, huwakataza vijana wasifunue kifuniko kabla ya wakati wake. Watoto wa majirani, walio Waislamu na wasio Waislamu, huwa wamekwisha kukusanyika.

Chakula hicho huitwa chakula cha Kiswahili, na wako wasemao kuwa ni chakula cha wageni. Neno hilo la "wageni" ndilo listahililo kutazamwa kwa makini. Maana chakula hicho kilipanda milimani kwa miguu, kikapumzika mahali pengi njiani, na kila kilipopumzika kilichukua kitu na kuacha kitu. Tena pamoja na chakula chenyewe ilikuja desturi ya kukila, na desturi hiyo ilipofika Burundi ilikutana na desturi nyingine kubwa iliyokuwa kinyume chake kabisa.

Katika habari za kale zilizoandikwa juu ya ugeni wa pwani, iliyo nzuri mno ni ile ya Ibn Battuta, mwanachuoni na msafiri aliyezaliwa Tanja katika nchi ya Moroko. Yapata mwaka 1331 merikebu yake ilitia nanga Makdishu. Anaeleza kwamba desturi ya mji ule, merikebu ikiwasili, ni vijana kuiendea kwa mashua ndogo, na kila kijana amechukua sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana humpa sahani yake mmoja wa wafanya biashara waliomo, na kutangaza kuwa huyo ndiye mgeni wake. Na tangu saa ile mfanya biashara yule hushukia nyumba ya kijana huyo na si nyingine. Ibn Battuta hakuwa mfanya biashara bali mtu wa elimu. Kwa hiyo kadhi alikuja yeye mwenyewe kumpokea, naye akapewa makao katika nyumba ya wanafunzi wa dini.

Hapo aliletewa chakula kutoka kwa sultani. Kilikuwa ni wali uliopikwa kwa samli, umepakuliwa katika kombe kubwa la mti, na juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Katika chombo kingine zilikuwako ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa mapya, na katika kingine maziwa ya mgando, pamoja na malimau na pilipili vilivyotiwa chumvi, tangawizi mbichi na maembe. Muda wa siku tatu chakula kililetwa mara tatu kila siku, kwani ndiyo ada yao kwa mgeni. Akaongeza, bila haya, kwamba mtu mmoja wa Makdishu hula chakula cha kuwatosha kundi zima la watu wa kwao. Alipofika Mombasa aliona kuwa watu wa huko chakula chao zaidi ni ndizi na samaki.

Mtu wa Gitega aisomapo habari hii atajiona yuko nyumbani, kwani ndizi mbichi na maziwa ya mgando ni vitu vya milima yake. Asivyoviona humo ni mahindi, muhogo na maharage. Havikuwamo kwa sababu havikuwa vimefika: asili ya vitu hivyo vitatu ni Amerika, navyo viliingia Afrika baada ya Wareno kuanza kusafiri katika bahari hizo. Basi maharage, ambayo leo hapana nyumba ya Burundi isiyoyapika, na ambayo Mrundi akiyakosa siku mbili husema hajala, nayo ni mgeni, tena mgeni aliyetoka mbali kuliko mchele. Tofauti ni kwamba maharage yalifika zamani, na kila aliyeyakuta ameyakuta shambani mwa babu yake.

Kutoka pwani ya Mrima kwenda bara, chakula hakikuwa tena kombe la wali na samli. Safari ya kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ilikuwa ya miezi mingi. Mwingereza Richard Burton aliondoka Unguja katikati ya mwaka 1857, naye hakuliona ziwa Tanganyika mpaka Februari mwaka 1858. Wapagazi walilishwa kwa posho, na kipimo cha posho kilikuwa kibaba cha nafaka kwa mtu kwa siku, mtama au ulezi au chochote kilichopatikana kwa kununuliwa katika vijiji vya njiani. Mtu mwenye kibaba kimoja hawezi kuwa na chungu chake, moto wake na kuni zake. Basi wapagazi walijigawanya kambi kambi, kila kambi watu wachache walioweka vibaba vyao pamoja, mmoja akatafuta kuni, mmoja akateka maji, mmoja akasonga ugali, na wote wakala katika chombo kimoja. Wengi hudhani ya kuwa kula sinia moja ni desturi ya Kiarabu iliyotoka ng'ambo. Ni kweli iko kwa Waarabu, lakini katika njia ile ya bara ilifundishwa pia na uchache wa posho. Nyama ilipatikana kwa bahati. Chumvi ilitoka katika chemchemi za Uvinza, nayo ilikuwa bidhaa ya thamani hata kwa watu wa kando ya ziwa na wa Burundi.

Ndiyo maana mahali palipopikwa wali palikumbukwa na wasafiri kama mtu akumbukavyo Idi. Tabora, iliyoitwa Kazeh, ilikuwa mahali pa namna hiyo. Burton alipokewa hapo na Snay bin Amir, mfanya biashara wa Kiomani, naye hakuacha kuusifu ukarimu wake, ijapokuwa Burton hakuwa mwepesi wa kuwasifu watu. Na Ujiji ilikuwa mahali pa namna hiyo.

Katika vyakula vyote vilivyopata kuliwa Ujiji, kimoja kimejulikana dunia nzima, nacho ni kile cha mwishoni mwa mwaka 1871, siku Henry Stanley alipomkuta David Livingstone. Watu wanalikumbuka neno Stanley alilolisema alipovua kofia yake. Wachache hukumbuka walikula nini, na chakula kile kilitoka kwa nani. Livingstone alikuwa mgonjwa na maskini. Mali yake iliyoletwa kutoka Unguja ilikuwa imekwisha kupotea mikononi mwa watu, na tumbo lake, kwa maneno yake mwenyewe, lilikuwa limekataa kila kitu isipokuwa chai. Jikoni mwake alikuwamo mpishi wake Halima, aliyekuwa akichungulia mlangoni kumtazama mgeni na kuhangaika asijue atampa nini mtu aliyetoka mbali namna ile.

Basi majirani wakafanya kazi yao. Sayyid bin Majid alileta maandazi ya moto yenye nyama ya kusaga. Muhammad bin Sali akaleta kuku wa mchuzi wa bizari. Mwinyi Kheri, aliyekuwa mkubwa wa wafanya biashara hapo Ujiji, akaleta nyama ya mbuzi na wali. Sahani zilifuatana, na kila ilipoletwa moja, wawili wale waliila. Mzee aliyekuwa hawezi kula akala kama mtu mzima wa afya, mpaka mwenyewe akastaajabu. Stanley alifungua na chupa ya divai aliyoibeba tangu pwani. Hilo ni lake. Lakini chakula kilichomrudishia mzee yule nguvu kilikuwa cha jikoni za Waislamu wa Ujiji, na hapana mmoja katika wale walioleta sahani aliyekuwa na faida ya kutazamia kutoka kwake siku ile.

Baada ya siku chache wawili hao walipanda mtumbwi kuelekea kaskazini kando ya nchi ya Burundi, ili kujua kama mto Rusizi waingia ziwani au watoka. Jiwe lililoko Mugere, kusini ya Bujumbura, limechongwa majina yao na tarehe 25 Novemba 1871.

Insafu yataka liongezwe neno moja. Majina ya mabwana walioleta sahani yameandikwa. Majina ya waliozipika hayakuandikwa. Katika Ujiji ya zama hizo jikoni nyingi zilikuwa mikononi mwa wanawake waliotekwa Manyema na nchi nyingine za magharibi ya ziwa, wakaletwa kwa minyororo katika njia ile ile waliyopita wafanya biashara. Mapishi yaliyowafikia watu wa kando ya ziwa yalipitia mikono yao zaidi kuliko mikono ya mabwana zao. Ni Halima peke yake ambaye jina lake limebaki. Livingstone aliandika katika kitabu chake cha kila siku kwamba alikuwa msaada mkubwa kuliko wote katika msafara, na kwamba wakifika Unguja atampa uhuru wake na kumnunulia nyumba na bustani. Mzee hakufika Unguja. Alifariki tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo sasa ni Zambia.

Kutoka Ujiji chakula hiki kilipanda kwa mitumbwi kwenda Nyanza, Rumonge na Uzige, huko ambako Wajerumani walijenga baadaye mji wa Usumbura, yaani Bujumbura ya leo. Huko mwambaoni kilikutana na mawese, na ndagala, na samaki wa mukeke, na sombe, yaani majani ya muhogo yaliyotwangwa. Mpishi wa Rumonge aliyekuwa hana nazi wala samli alipikia mawese, na mwanzo pengine alisikitika, lakini wajukuu wake wakipewa sombe isiyo na mawese leo huuliza kama nyumba ina msiba.

Milimani hakikupanda upesi. Mwami Mwezi Gisabo hakuwaruhusu wafanya biashara wa mwambaoni kuingia nchini kwa nguvu, na Muhammad bin Khalfan, aliyejulikana kwa jina la Rumaliza, alipojaribu kuishika Burundi alirudishwa. Kwa hiyo miaka mingi wali na bizari vilibaki kando ya ziwa, na milima ikabaki na maziwa yake, mtama wake, maharage yake na ndizi zake. Mlango ulifunguka kwa namna nyingine. Mwaka 1912 Wajerumani walihamisha makao yao ya utawala kutoka Usumbura wakayaweka Gitega, na pamoja nao walipanda askari, wakalimani, mafundi na wachuuzi, wengi wao Waislamu wasemao Kiswahili. Mwaka 1914 reli kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma, na mizigo iliyokuwa ikichukuliwa vichwani kwa miezi ikawa yafika kwa siku chache, kisha ikavuka ziwa. Wabelgiji walipoiteka Gitega mwezi Juni mwaka 1916 waliwakuta Waswahili wamekwisha kukaa, wana maduka yao na majiko yao.

Na hapa ndipo desturi mbili zilipokutana. Katika milima ya Burundi ya zama hizo, kinywaji kilikuwa cha hadharani, na chakula kilikuwa cha sitara. Pombe ya ndizi, iitwayo urwarwa, na pombe ya mtama, ndizo zilizofungua kila jambo la watu. Mahari haikuzungumzwa pasipo mtungi, ugomvi haukusuluhishwa pasipo mtungi, mtoto hakupewa jina wala shamba halikugawiwa pasipo mtungi kuwekwa katikati na watu kunywa kwa mirija, mmoja baada ya mwingine. Mwenye kupokea mrija amekuwa mwenzao. Mwenye kuukataa, na atoe sababu. Lakini kula mbele ya watu, hasa kwa wakubwa na wenye ng'ombe, lilikuwa jambo la aibu. Mtu mwenye heshima alikula ndani, nyuma ya kizuizi, na mgeni akiingia chakula kiliondolewa. Kutafuna mbele ya asiyekuhusu kulikuwa kama kuvua nguo mbele yake.

Basi fikiri, ewe msomaji, hali ya Mwislamu aliyeingia katika nchi hiyo. Lililo la hadharani kwao, kwake ni haramu. Lililo la sitara kwao, kwake ndilo la hadharani, kwani huketi barazani juu ya jamvi pamoja na wenziwe, wanaume watano au sita, mikono yote katika sinia moja, na apitaye njiani huitwa aje anawe mikono. Mrundi alipoalika, Mswahili alikataa mrija. Mswahili alipoalika, Mrundi aliona aibu kukaa na kula mbele ya macho ya watu. Kila mmoja alikuwa amemfanyia mwenziwe ukarimu wa juu kabisa aujuao, na kila mmoja alirudi nyumbani akisema ya kuwa mwenziwe hana adabu. Mambo kama haya hayaandikwi katika vitabu vya watawala, lakini kwa watu wakaao mlima mmoja yana uzito kuliko kodi.

Kilichosaidia kilikuwa kitu kidogo, nacho ndicho kile kile alichokiona Ibn Battuta: sahani iliyofunikwa. Sahani ya pilau au ya maandazi iliyofunikwa kwa kawa au kwa kitambaa safi, ikachukuliwa na mtoto mpaka mlango wa jirani, haimlazimishi mtu kula hadharani. Jirani huipokea, huiingiza ndani, naye hula nyuma ya kizuizi chake pamoja na watu wake kama heshima yake itakavyo. Aliyetoa ametoa waziwazi. Aliyekula amekula kwa sitara. Desturi zote mbili zimepona. Hapana aliyekaa kitako akaipanga hikima hiyo. Yumkini mama fulani alipika kingi kuliko watu wake siku ya Idi, akamtuma mtoto. Lakini ilishika, kwa sababu ilikuwa inafaa.

Upande wa pili nao ulikuwa na njia yake. Jirani asiye Mwislamu aliyetaka Waislamu wahudhurie karamu yake alimwita Mwislamu achinje, ili nyama iliwe na wote. Desturi hii yajulikana katika miji mingi ya Afrika ya Mashariki. Kando ya mtungi kukawekwa maziwa ya mgando au chai, na katika miaka ya baadaye makasha ya soda, ambayo leo hayakosi kuonekana katika arusi yoyote ya Burundi. Mwislamu akahudhuria, akaketi, akanywa chake, wala hapana aliyeuliza habari ya mrija.

Kwa nyumbani, wanawake ndio waliotenda kazi kubwa. Waswahili wengi waliopanda milimani walioa binti za nchi, na binti wa nchi aliingia jikoni pamoja na maarifa yake. Gitega iko yapata mita 1,500 juu ya bahari. Mnazi hauoti huko, na nazi iliyofika ilifika kavu na ya bei. Wali wa nazi ukaachwa pwani. Pilau ikasalimika kwa kuwa haihitaji nazi: nyama huchemshwa kwanza pamoja na tangawizi na kitunguu saumu, supu yake ikahifadhiwa, vitunguu vikakaangwa kwa mafuta mpaka viive sana, kwani rangi ya pilau hutoka katika vitunguu wala si katika nyanya, bizari zikafuata, kisha nyama, kisha mchele, kisha supu ile kwa kipimo. Maji yakikauka, makaa ya moto huwekwa juu ya kifuniko ili wali uive kwa moto wa juu na wa chini. Mpishi mwenye haraka hutia maji kwa kukisia akapata uji. Hilo hutokea hata katika arusi za watu wakubwa, nalo husemwa miaka mingi baadaye.

Lakini pilau haikuwa chakula cha kila siku, na mwenye kudhani hivyo amezijua arusi tu za Waislamu na si nyumba zao. Mchele ulikuwa ghali. Siku za kawaida nyumba ya Mwislamu wa Gitega ilipika kile kile kilichopikwa na jirani yake, yaani maharage na ndizi, viazi vitamu, ugali wa muhogo, lengalenga na ndagala kutoka ziwani. Tofauti ilikuwa ndogo: kitunguu kilikaangwa kwanza, au pilipili manga kidogo ilitiwa, au maharage yalikaushwa yakaliwa na chapati. Mwezi wa Ramadhani ndio ulioionyesha meza ya mchanganyiko huo kwa ukamilifu wake. Katika futari moja zilikaa pamoja tende za Uarabuni, sambusa ambayo jina lake asili yake ni Uajemi, chapati ya Bara Hindi, uji wa mtama wa milimani, na ndizi za kupikwa zilizotoka nyuma ya nyumba. Wala hapana aliyekuwa akifuturu aliyeona kuwa ameketi na mataifa manne.

Kula nje ya nyumba kulikuja pamoja na barabara. Kati ya Gitega na Muyinga, kupitia Karuzi, na kutoka Muyinga kwenda mpaka wa Tanzania huko Kobero, ilipita mizigo ya biashara, na palipo na dereva na utingo pana haja ya chai. Hoteli ndogo za chai za Waislamu zilikuwa na benchi mbili, meza iliyochakaa, birika kubwa lisilotoka motoni, chapati zilizopangwa katika sahani ya bati, na sufuria ya maharage. Aliyekuwa na fedha zaidi aliagiza mishikaki ya mbuzi na ndizi za kukaanga. Dereva Mwislamu alizitafuta hoteli hizo kwa sababu ya machinjo; dereva asiye Mwislamu alizitafuta kwa kuwa chai yake ilikuwa tamu na ilipatikana alfajiri, wakati mwenye hoteli amekwisha kuamka kwa sala na wengine wangali wamelala. Hapo ndipo watu wengi wa milimani walipojifunza, bila ya kufundishwa na mtu, kwamba yawezekana kula mbele ya watu usiowajua na aibu isikupate. Na Muyinga, kwa kuwa ni jirani wa Tanzania, ilipata mchele na bizari kwa wepesi kuliko miji mingine ya ndani, na wapishi wake wakajivuna kwa hilo. Wapishi wa Gitega wana jawabu yao, lakini ugomvi huo hauna mwisho wala hakimu.

Burundi ilipata uhuru wake tarehe 1 Julai 1962, na tangu hapo imepita katika misiba ambayo wasomaji wa kitabu hiki wanaijua katika nyumba zao. Habari ya chakula haiwezi kuiruka. Katika vita vilivyoanza Oktoba mwaka 1993, mitaa mingi ya Bujumbura iligawanyika, watu wa kabila moja huku na wa kabila jingine kule. Buyenzi, mtaa wa Waswahili, ulibaki ambamo Wahutu na Watutsi waliendelea kukaa pamoja, na waliokimbia mahali pengine walipata humo pa kujificha. Mtu akimficha mwenziwe nyumbani, jambo la pili baada ya kufunga mlango ni kumpa chakula. Majiko ya Buyenzi hayakuwa na kingi siku zile. Kilichokuwamo kiligawanywa, na sufuria haikumwuliza mtu kabila lake.

Leo mambo ya kula yanageuka tena. Tangu Gitega ilipofanywa makao makuu ya siasa ya nchi mwaka 2019, mji umepanuka, na mahali pa kula pameongezeka. Sikukuu za Idi ni siku za mapumziko kwa taifa zima. Pilau hupikwa katika arusi za watu wa dini zote, na wapishi wa Kiislamu huitwa kuipika hata mahali wasipojulikana. Huo ni ushindi wa namna yake. Lakini katika arusi za Waislamu wenyewe sinia linaanza kuondoka. Wageni husimama mstari, kila mmoja na sahani yake ya kukodi, hupakuliwa na kijana aliyevaa glavu, kisha hutafuta kiti chake. Watetezi wa njia hiyo wana hoja, na hoja yao si ndogo: ni safi zaidi, maradhi hayapiti kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, na chakula chapimika kwa mwenye arusi asiye na mali.

Wazee wanaolipenda sinia nao wana hoja. Penye sinia, mkubwa huisukuma nyama kwa kidole mpaka upande wa mtoto, na mtoto hujifunza kula mbele yake asivuke mpaka. Asiyekula huonekana upesi, akaulizwa ana nini. Penye mstari, yule ndugu maskini aliyechelewa hufika sufuria limekwisha, akarudi nyumbani na njaa yake, na mwenye arusi asijue hata mwaka mzima upite. Katika nyumba nyingine za Gitega wamepata njia ya kati: vijana hula kwa sahani, na wazee huwekewa jamvi na masinia matatu manne uani. Inaonekana kuwa baada ya nusu saa vijana kadhaa huwa wamekwisha kuacha viti vyao na kuja kuchutama penye jamvi.

Sahani iliyofunikwa haijaondoka. Asubuhi ya Idi, watu wakirejea kutoka katika sala, watoto wenye nguo mpya huonekana Magarama wakivuka njia polepole, mikono miwili chini ya sahani, macho yao katika kitambaa kisije kikapeperushwa na upepo. Hupiga hodi kwa jirani, humwamkia, huiacha, na kurudi mbio. Sahani yenyewe hairudi siku ile, kwa kuwa jirani ajuaye heshima hairudishi tupu. Hukaa kwake siku mbili tatu, pengine wiki. Kisha jioni moja mtoto wa nyumba ile huja nayo, nayo imefunikwa kwa kitambaa kingine, na ndani yake mna maharage mabichi ya msimu, au kishada cha ndizi mbivu.